Siku Kalamu Nyekundu Iliponyamaza

"Sakafu ya hapa chini itakuwa na unene gani?"

Aliyeniuliza ni msimamizi wa mafundi. Tulikuwa tumesimama mbele ya ngazi ambayo bado ilikuwa mbao na nondo tu, zege lake likisubiri asubuhi ya kesho yake. Mimi ni msanifu majengo, na siku ile sikupaswa kuwa pale. Mwenzetu aliyekuwa akifuatilia jengo lile aliugua, nikatumwa kumshikia nafasi kwa siku moja kwa sababu ngazi ile niliichora mimi. Nikafungua michoro nimwonyeshe. Sakafu ya chini: milimita 70 za saruji na mawe. Juu ya vipandio: milimita 30 za mawe. Sakafu ya juu: 70 tena. Nikafungua mdomo kumjibu, ulimi ukanata.

Nilikuwa nimekigawa kimo cha ghorofa katika vipandio vya milimita 160, vyote sawa, lakini nilivigawa kwenye zege tupu bila kukumbuka kwamba zege hilo litavikwa unene usiolingana. Mawe yakishawekwa, kipandio cha kwanza kingebaki milimita 120, cha mwisho kingefika 200, na vya katikati vingebaki 160 kama nilivyoandika. Mguu wa mtu huisoma ngazi kwa vipandio viwili vitatu vya mwanzo, kisha huiamini na macho yakaenda kwingine. Ndiyo maana kanuni za ujenzi hazina mzaha hapa. Ile inayofuatwa katika sehemu kubwa ya Marekani inaruhusu tofauti ya milimita 9.5 tu kati ya kipandio kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote katika mpando mmoja. Yangu ilikuwa 80. Mtu angeanguka pale. Pengine mtu aliyebeba mtoto.

"Tulia, mwanangu," aliniambia yule mzee. "Hizi bado ni mbao. Nipe vipimo vipya kabla ya jioni."

Nikampa. Zege likamwagwa siku ya pili yake, ngazi ikatoka sawa, na ofisini hakuna aliyejua kitu mpaka nilipoeleza mwenyewe. Lakini usiku ule sikulala, na si kosa lenyewe lililoninyima usingizi. Makosa hutokea. Kilichoniuma ni kwamba karatasi ile ilikuwa na sahihi tatu: aliyechora, aliyekagua, aliyeidhinisha. Kesho yake nilikwenda kwenye makabati ya michoro nikaanza kufukua karatasi zangu za zamani, moja baada ya nyingine, nikitafuta mara ya mwisho mtu kuniwekea alama nyekundu ya masahihisho. Ilikuwa zaidi ya miaka miwili nyuma. Miaka miwili nzima karatasi zangu zilirudi safi, na mimi nilidhani ile ilikuwa ni heshima.

Hapo ndipo nilipokata shauri kuhama ofisi ile. Nilichelewa, na nitaeleza kwa nini nasema nilichelewa. Lakini kabla ya hapo niliwahi kuhama ofisi nyingine mapema mno, na makosa hayo mawili ndiyo yaliyonifundisha ninachotaka kusema leo: ni lini msanifu aihame ofisi, na ni lini akae.

Katika ofisi yangu ya kwanza, kalamu nyekundu haikulala. Kulikuwa na mchoraji mmoja wa siku nyingi, hakuwa na shahada ya usanifu, lakini hapakuwa na karatasi iliyotoka mlangoni bila kupita mezani kwake. Alikuwa akinirudishia mchoro wa mkato wa ukuta ukiwa mwekundu kama umejeruhiwa. Hakuandika "badilisha hiki." Aliandika maswali. Maji yakifika hapa yanakwenda wapi? Fundi atauingizaje mkono wake humu? Hiki kinawekwa kwanza au kile? Nilikuwa naudhika. Nilitoka chuo nikiwa nimesifiwa kwa picha nzuri, na huyu mtu ananiuliza habari za mkono wa fundi.

Baada ya mwaka mmoja na miezi kadhaa nikapata ofa: ofisi kubwa yenye jina, mshahara mzuri zaidi, miradi ya kuonyesha watu. Jengo nililokuwa nikilichora ndiyo kwanza lilikuwa linachimbiwa msingi. Yule mchoraji aliniambia neno moja tu. "Lingojee lifike kwenye paa." Nikamwona mtu wa zamani asiyeelewa mambo ya sasa, nikaondoka.

Miaka kadhaa baadaye nikakutana na mmoja wa wale niliowaacha, naye akanihadithia kama jambo la kawaida kwamba ungio nililolichora pale paa linapokutana na ukuta halikujengeka. Mkandarasi alilibadilisha palepale juu, kwa sababu karatasi ya kuzuia maji ilitakiwa kupita mahali ambapo nilikuwa nimeshaweka chuma. Nikahisi baridi, kwa sababu ungio lilelile nilikuwa nimelichora tena katika majengo mengine matatu. Jengo lilikuwa limenijibu. Jibu lilifika kwenye meza niliyoiacha, likaishia hapo.

Hii ndiyo tabia ya kazi yetu ambayo watu wa kazi nyingine wakitupa ushauri huisahau. Wanakwambia kaa miaka miwili, kaa mitatu, usikae zaidi ya mitano. Ushauri huo umetoka kwenye kazi ambazo mtu hufanya jambo leo na wiki ijayo akajua kama alipatia. Msanifu majengo huchora mstari leo, na pengine ni baada ya miaka minne mvua ikinyesha kwa upepo ndipo atajua alichora nini. Kwa hiyo miaka peke yake hainiambii kitu. Mtu anaweza kukaa miaka sita asipate jibu hata moja, na mwingine akakaa miwili kwenye ofisi ndogo akaona nyumba nzima tangu mchoro wa kwanza mpaka funguo.

Mimi sasa nauliza maswali mawili. Nani anasoma ninachochora? Na je, majibu ya jengo yananifikia? Majibu yakiwa mazuri kwa yote mawili, nakaa, hata kama nimechoka. Moja likiwa baya, naenda kuomba lirekebishwe. Yote mawili yakiwa mabaya na maombi yameshindikana, naanza kuandaa jalada langu la kazi.

Tuje sasa kwenye ile ofisi ya pili, ile ya ngazi, maana ndiyo niliyo na mengi ya kusema juu yake. Hawakuwa watu wabaya. Waliniajiri kwa sababu nilikuwa mwepesi wa michoro ya kina, na kadiri nilivyokuwa mwepesi ndivyo nilivyozidi kupewa michoro ya kina. Huu ni mtego ambao hauna mtegaji. Mwenye ofisi ana tarehe ya zabuni, ana watu saba wa michoro, anajua ni nani kati yao atamaliza karatasi arobaini kwa wakati. Atamchagua huyohuyo, leo na mwakani. Hakuna aliyekaa akapanga kukunyima saiti. Unanyimwa na ubora wako.

Siku moja nilichukua ule mpango wa kazi wa RIBA, chama cha wasanifu cha Uingereza, ambao tangu 2013 umezigawa hatua za jengo kwa namba kuanzia 0 hadi 7. Sifuri ni pale mteja anapojiuliza kama anahitaji jengo kweli. Tano ni ujenzi. Sita ni kukabidhi. Saba ni jengo likitumika. Nikachora vidirisha vinane kwenye karatasi nikawa naandika ndani yake kazi nilizozifanya kwa mkono wangu. Cha tatu na cha nne vilijaa mpaka nikaandikia pembeni. Cha pili kilikuwa na mistari michache. Sifuri, moja, tano, sita na saba vilikuwa vyeupe. Nilikuwa na miaka saba kazini, na sikuwahi kumsikia mteja akisema anataka nini, wala kuona mlango niliouchora ukifunguka.

Wanaotoa leseni wanaujua ugonjwa huu. Marekani, anayetafuta leseni hutakiwa kuonyesha saa 3,740 za kazi, nazo zimegawanywa mafungu sita. Michoro ya kina na nyaraka zake ina saa 1,520. Ujenzi na tathmini yake ina 360. Fungu la mwisho ni dogo sana ukilinganisha, lakini huwezi kulilipia kwa saa za ziada za fungu jingine. Wapo watu wenye akili nyingi ambao safari yao imekwama kwenye hizo 360, kwa sababu ofisi yao haina sababu ya kuwatoa mezani. Kama uko kwenye njia ya namna hiyo, yenye msimamizi anayepaswa kuthibitisha saa zako, hakikisha zimethibitishwa kabla barua yako ya kuacha kazi haijagusa meza ya mtu. Ukishaondoka, kumtafuta mtu akuthibitishie kazi ya mwaka juzi ni mateso.

Nikaenda kwa mbia mmoja nikamweleza kuhusu vidirisha vyangu. Alinisikiliza vizuri. Akasema, "Zabuni hii ikipita, utaifuata mpaka saiti." Zabuni ikapita, ikaja nyingine yenye haraka zaidi. Nikamkumbusha, akaniahidi tena, na nina hakika aliahidi kwa moyo safi. Hapa ndipo nilipochelewa. Ahadi ya kwanza ningeisubiri tena. Mradi hauendi kwa matakwa ya mtu. Ya pili nilipaswa kuiwekea tarehe na jina la jengo, tena kwa maandishi. Sikufanya hivyo, nikaona ni utovu wa adabu kumbana mtu mzima. Nikapoteza karibu miaka miwili, na ilichukua ngazi yenye vipandio vibovu kuniamsha.

Watu hupenda kutolewa mifano ya magwiji, nami nimeisoma sana nilipokuwa nahangaika. Peter Behrens, msanifu wa Kijerumani, alikuwa na ofisi karibu na Berlin, na kati ya 1908 na 1912 walipita humo vijana watatu waliokuja kuwa wasanifu mashuhuri: Walter Gropius, Mies van der Rohe na kijana ambaye baadaye dunia ilimwita Le Corbusier. Mies alikaa miaka kadhaa, akienda na kurudi. Le Corbusier alikaa miezi mitano hivi. Ofisi moja, kazi zilezile, muda tofauti kabisa, na hakuna anayeweza kusema mmoja alikosea. Lakini tusisahau kwamba Le Corbusier alikuwa ameshapita kwa Auguste Perret mjini Paris, akajifunza zege kwa mtu aliyekuwa analijenga. Alifika kwa Behrens akijua anachokitafuta. Miezi mitano ya mtu anayejua anachokitafuta si sawa na miezi mitano ya mtu anayekimbia.

Frank Lloyd Wright, msanifu wa Marekani, naye aliondoka kwa mwajiri wake Louis Sullivan mwaka 1893 kwa mlango mbaya. Alikuwa na mkataba wa miaka mitano, na Sullivan ndiye aliyemkopesha fedha za kujenga nyumba yake, naye akawa anachora nyumba za watu pembeni, kinyume cha mkataba. Wakaachana kwa ugomvi, wakakaa miaka mingi bila kusemezana. Wapo wanaoisimulia habari hii kama ushujaa. Mimi naiona ni hasara. Wright alimwita Sullivan bwana wake maisha yake yote, na ile miaka ya kimya haikurudi.

Ninayempenda kuliko hao ni Norma Merrick Sklarek. Alipata leseni New York mwaka 1954, na mwaka 1962 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kupata leseni ya usanifu California. Alijiunga na ofisi ya Gruen mwaka 1960 akakaa humo miaka 20, akawa mkurugenzi mwaka 1966. Yeye ndiye aliyeongoza watu na kuhakikisha majengo makubwa yanasimama, wakati sifa za ubunifu zilikwenda zaidi kwa wengine. Mwaka 1980 akahamia ofisi ya Welton Becket, akasimamia jengo la abiria namba moja la uwanja wa ndege wa Los Angeles, lililotakiwa kuwa tayari kabla ya Olimpiki ya 1984. Mwaka 1985 akafungua ofisi na wanawake wenzake wawili. Wengi wangeishia hapo na kusema amefika. Lakini ofisi yao haikupata miradi ya ukubwa aliouzoea, na mwaka 1989 akaiacha ofisi yenye jina lake mlangoni akaenda kufanya kazi katika ofisi ya mtu mwingine, kwa sababu kazi kubwa na ngumu ilikuwa huko. Kila nikisoma maisha yake nafikiria ujasiri wa uamuzi huo. Sisi tumezoea kuhesabu kuhama kuwa ni kupanda tu: cheo, mshahara, jina. Yeye aliifuata kazi aliyotaka kuifanya.

Nirudi kwenye mambo ya kawaida. Mshahara ni sababu halali, na asikudanganye mtu kwamba wito unalipa kodi ya nyumba. Ila kwanza uliza ulipo. Wapo waliohama kwa nyongeza ambayo wangepewa kama wangefungua mdomo. Tazama pia afya ya ofisi. Hali ya uchumi ikiyumba, meza za wasanifu huwa kati ya za kwanza kuachwa wazi, kama ilivyokuwa 2008, kwa kuwa mteja huanza kwa kusimamisha kile ambacho bado hakijachimbwa. Ofisi inayoishi kwa mteja mmoja, mishahara inayoanza kuchelewa, mradi unaosimama "kwa muda" bila tarehe: hizo ni ishara za kuanza kuongea na watu mapema, kabla hamjatoka wengi sokoni siku moja.

Uchovu wa wiki ya zabuni usiuamini. Nimeandika barua mbili za kuacha kazi saa tisa usiku, na zote nilishukuru asubuhi kwamba sikuzituma. Subiri mpaka umelala siku kadhaa, kisha jiulize tena.

Lakini yapo mambo ambayo hayangoji paa, hayangoji hata mwisho wa mwezi. Ukiambiwa uweke muhuri au sahihi yako kwenye michoro ambayo hukuisimamia, ondoka. Ukiombwa unyamaze kuhusu jambo ambalo unajua litaumiza watu watakaolitumia jengo, sema, na usiposikilizwa, ondoka. Ukidhalilishwa, ukiguswa usivyotaka, au usipolipwa, huna deni la kumaliza seti ya michoro ya mtu. Hapo swali la "lini" limeshajibiwa, na nasikitika kila nikimwona kijana akijilazimisha kuvumilia kwa kuogopa wasifu wake utasomekaje.

Nilipoondoka ofisi ya pili nilichagua wakati ambapo michoro ilikuwa imekwenda kwa wazabuni na maswali yao yameshajibiwa. Hapo kazi hupumua kidogo, na mtu mwingine anaweza kuipokea. Wiki zangu za mwisho niliandika daftari moja nililoliita "kwa nini": kwa nini dirisha hili limesogea, nani aliamua, tarehe gani, tulikataa nini. Michoro husema kitu kiko wapi. Haisemi kwa nini kiko hapo, na anayepokea mradi bila hilo huanza kubomoa maamuzi mazuri kwa kutojua. Sikuchukua faili hata moja. Niliomba ruhusa kwa maandishi ya kutumia karatasi chache kwenye jalada langu, na chini ya kila moja niliandika nilichofanya mimi na nani walikuwa na mimi. Kazi hii hufanywa na watu wengi, na kila aliyekuwepo anajua nani alichora nini.

Kwenye mahojiano niliyofanya baada ya hapo nilikuwa na ombi moja: nionyesheni karatasi yenye alama nyekundu ya mwezi huu. Ofisi mbili zilinionyesha picha za majengo. Ya tatu, yule mwenye ofisi aliinuka, akavuta bunda la karatasi kwenye meza ya kijana aliyekuwa amekwenda saiti, akanitandikia mbele yangu. Ilikuwa nyekundu kuanzia juu hadi chini, na kulikuwa na mwandiko wa watu wawili waliokuwa wakibishana pembeni juu ya kizingiti cha mlango. Ofisi ndogo, cheo cha chini kuliko nilichokuwa nacho. Niko hapo mpaka leo.

Mwezi uliopita dada mmoja mdogo tunayefanya naye kazi alinifuata. Amepata nafasi katika ofisi inayojenga hospitali, kazi aliyoitamani tangu chuo. Shule aliyoichora kwetu imefika kwenye mihimili ya ghorofa ya juu.

"Kaka, niondoke au nisubiri paa?"

Nilimweleza habari za ungio langu na habari za ngazi. Tukaketi na vile vidirisha vinane, tukavijaza pamoja. Vyake vilikuwa na maandishi karibu kote isipokuwa viwili vya mwisho, na nafasi ile ya hospitali haingemngoja. Nikamwambia kwamba kwa maoni yangu aende. Ila nilikuwa na jambo la kwenda kuomba kwa wabia kwanza, nao wakakubali.

Ameondoka wiki tatu zilizopita. Kila swali la mafundi linalotoka saiti kuhusu karatasi alizochora, namtumia, pamoja na jibu tulilotoa na picha ya kilichojengwa. Jana nimemtumia la nne. Linahusu mfereji wa maji ya mvua: fundi anauliza mkono wake utapita wapi.